Je, Wajua Kwa Nini Mchoro wa Nakshi za Chuma Huwa na Mistari Mingi Hivyo?

Fundi wa mageti mtaani huchora ua kwa chaki sakafuni, mistari mitatu minne, kisha akapinda chuma juu ya mchoro huohuo. Hahitaji zaidi, maana anayechora ndiye anayechomelea.

Sasa tazama mlango wa kona wa duka kubwa alilosanifu Louis Sullivan mjini Chicago, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1899. Ghorofa mbili za chini zimevikwa majani na vikonyo vya chuma vilivyosokotana hadi huoni kimoja kinaanzia wapi. Sehemu kubwa ya nakshi hizo ilichorwa na msaidizi wake, George Elmslie. Ukiona michoro ya aina hii kwa mara ya kwanza, utadhani mchoraji alikuwa na muda wa kupoteza: kila jani na mishipa yake, kila mkunjo na kivuli chake.

Kumbe kivuli ni maagizo. Chuma cha kusubu, yaani kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, hakichongwi. Mchoro ulikwenda kwanza kwa Kristian Schneider, akaufinyanga kwa udongo. Baadaye kiwanda cha Winslow Brothers kikasubu vipande vyenyewe. Katika usubu wa namna hiyo, kielelezo, yaani umbo la mfano la kipande, hukandamizwa kwenye mchanga, kikaondolewa, na katika uwazi kilioacha humiminwa chuma kilichoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi. Kikipoa hunywea kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo kipande cha sentimita 100 huhitaji kielelezo cha 101. Katika mikono yote hiyo, nani angejua jani limeinuka kiasi gani kama penseli haikusema?

Kwa hiyo ukikutana na mchoro kama huo, usiumeze wote kwa mkupuo. Shika kikonyo kimoja, ukifuate kwa kidole. Kinapopita nyuma ya jani, mstari hukatika. Jani likijitokeza zaidi, kivuli chake huwa kizito. Baada ya dakika chache karatasi inaanza kuwa na kina. Mimi huona raha hii kuliko picha yoyote ya kamera.

Na ukifika Chicago kwenyewe, inua macho juu ya mlango ule. Katikati ya majani zimefichwa herufi L, H na S: Louis Henry Sullivan. Jina ni la bosi, ila aliyelificha humo ni Elmslie.