Vipokezi vya kinga na safari zake ndani ya seli: dhana potofu na ukweli

Dhana: Vipokezi vyote vya kinga hukaa juu ya utando wa seli vikisubiri vijidudu.

Vipokezi ni protini zinazotambua vijidudu na kutuma ishara za kuamsha kinga; baadhi hukaa ndani kabisa ya seli. Katika familia moja ya vipokezi hivyo, iitwayo TLR, TLR3, TLR7, TLR8 na TLR9 hufanya kazi kwenye endosomu, yaani vifuko vyenye asidi vinavyopokea vitu vilivyomezwa na seli. Vipokezi hivi hutambua DNA na RNA za vijidudu, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mwili wenyewe umejaa DNA na RNA. Kwa kufichwa ndani, na kwa TLR9 kulazimika kukatwa na vimeng'enya vya endosomu kabla ya kufanya kazi, uwezekano wa kinga kuushambulia mwili wake hupungua.

Dhana: Protini zinazosafirisha vipokezi ni wapagazi tu.

Dhana hii ndiyo inayopotosha zaidi. Protini iitwayo UNC93B1 huvitoa vipokezi hivyo kwenye retikulamu ya endoplazimu, vinakotengenezwa, na kuvifikisha kwenye endosomu. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba panya wenye badiliko la asidi amino moja tu katika protini hiyo hawapati ishara za TLR3, TLR7 wala TLR9. Mwaka huohuo, upungufu wake kwa watoto ulihusishwa na ugonjwa wa kuvimba kwa ubongo unaosababishwa na virusi vya hapesi. Hata baada ya safari, UNC93B1 hubaki na vipokezi na kudhibiti ukali wa ishara. Mabadiliko mengine ya jeni yake huzidisha ishara za TLR7, na baadhi ya watu wenye mabadiliko hayo wamepata lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wake. Mpagazi gani huyo?

Dhana: Kipokezi kikimezwa, ishara imekwisha.

Mara nyingine ni kweli, lakini si kwa TLR4. Ikiwa juu ya utando, TLR4 hutambua mafuta-sukari ya ganda la bakteria na, kupitia protini za TIRAP na MyD88, huchochea kuvimba kwa tishu (inflamesheni). Ikishamezwa kwa msaada wa protini ya CD14, hutumia protini za TRAM na TRIF kuamsha utengenezaji wa intaferoni, yaani protini za kupambana na virusi.

Dhana: Dawa ya malaria haina uhusiano wowote na mambo haya.

Haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, hutumika kutibu lupasi. Hujikusanya kwenye endosomu, hupunguza asidi yake, na hivyo huzuia ishara za TLR7 na TLR9.