Breki Kubwa kwa Gari ya Spoti: Yanayosemwa Barazani na Ukweli Wake

Dhana: Breki kubwa husimamisha gari kwa masafa mafupi zaidi.

Hii ndiyo inayowatoa watu fedha nyingi, basi tuichambue taratibu. Kazi ya breki ni kulizuia gurudumu lisizunguke. Linaloisimamisha gari ni namna tairi linavyoishika lami. Jaribu mwenyewe: barabara kavu, nyoofu, isiyo na mtu, kwenye spidi ya 50, kanyaga breki kwa nguvu zako zote. ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) ikitetema chini ya unyayo, au kwa gari isiyo na ABS tairi zikijifunga na kuburura, basi breki ulizonazo zimeshazizidi tairi nguvu. Hapo kalipa (kibano kinachobana breki) ya pistoni sita haitakupunguzia hata hatua moja.

Kwa hiyo tazama tairi kwanza. Ubavuni, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Jua la kwetu Zanzibar huukausha mpira ukawa mgumu, na tairi la umri huo huteleza mvua za masika hata kama halijaisha. Seti ya tairi mpya nzuri ndiyo breki ya kwanza kununua.

Dhana: Lakini diski ndogo hupata moto zikashindwa.

Hili lina ukweli, ila si kwa barabara zetu. Chukua Altezza au Impreza ya kilo 1,400 ikisimama kutoka spidi ya 80. Diski mbili za mbele, yaani sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, tuseme kilo 7 kila moja, zikibeba asilimia 70 ya kazi, hupanda joto kama digrii 40 tu. Kutoka 160 ni mara nne yake, karibu digrii 150 kwa kila kusimama, na hapo mizunguko michache tu ya mashindano huzifikisha pedi za kawaida (vipande vinavyoisugua diski) mahali zinapoanza kuteleza. Sasa nani anaendesha hivyo kutoka Paje kuja mjini? Baina ya tuta na tuta pale Jozani diski imeshapoa. Unguja haina mteremko mrefu, maana hata Masingini ni kama mita 120 tu juu ya bahari. Vilima vya Pemba ni vingi, lakini vifupi. Anayeivusha gari bara kwenda kushindana ndiye diski kubwa zitakayemfaa kweli.

Dhana: Pedali ikiwa laini, kalipa zimechoka, nunua kubwa.

Mara nyingi ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani haikosi unyevu. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki, si ile DOT ya tairi) mapya huchemka kuanzia digrii 230, lakini yakishanyonya maji huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanika, na mguu unakwenda mpaka chini bila gari kushika. Wengi huambiwa wabadilishe kila miaka miwili. Kwa hapa, kila mwaka ni bora. Lita moja inatosha gari nzima. Unapoyatoa ya zamani, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali), isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine, na usiache chupa ya mafuta iliyo juu yake ikauke, kwani upepo ukiingia ndani ya ABS huenda ukahitaji mashine ya kompyuta kuutoa. Kopo lililokaa wazi usilitumie. DOT 5 ya silikoni usiichanganye kabisa na hayo.

Mkosaji wa pili ni chumvi. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake hushika kutu zikaganda. Utaona pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, au rimu moja ina moto kuliko mwenzake. Toa pini, zipitishe msasa laini, zipake grisi ya silikoni ya breki. Usitumie grisi ya kawaida: huvimbisha mpira, na pini huganda tena. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na gari hurudi kushika kama mpya.

Dhana: Diski zenye matundu ni bora.

Kwa barabarani, ni pambo. Nyufa huanzia kwenye matundu, na kutu hujificha humo.

Dhana: Pedi za mashindano hushika zaidi.

Zikishapata moto. Asubuhi, mtoto akikukatia njia mita mia kutoka nyumbani, zitashika kidogo kuliko za kawaida. Chukua pedi za spoti za barabarani, kisha zizoeshe diski: punguza kutoka 60 hadi 15 mara nane hadi kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki ila kwa dharura.

Dhana: Badilisha za mbele tu, kubwa iwezekanavyo.

Pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi kutoka masta silinda ileile, kwa hiyo pedali huzama. Mbele ikifanya kazi nyingi mno, nyuma hubaki mvivu, na masafa ya kusimama huongezeka. Diski ya milimita 330 nayo mara nyingi haiingii ndani ya rimu ya inchi 16. Kata kadibodi kwa vipimo vya kalipa uijaribu ndani ya rimu kabla hujalipa.