Kindi wekundu na misonobari ya kigeni ya pwani ya Sefton

Sisi wa ikolojia, mti tukishauita vamizi, kinachofuata huwa ni msumeno. Pwani ya Sefton, kaskazini mwa Liverpool nchini Uingereza, msumeno huo unamkuta kindi mwekundu, mwenyeji wa asili wa huko, juu ya mti.

Vilima vya mchanga vya Formby na Ainsdale vilianza kupandwa misonobari mwishoni mwa karne ya 19, mingi ikiwa ya Korsika, ili mchanga usihame. Leo upepo hutawanya mbegu zake, miche huota hadi kwenye mchanga ulio wazi, na majani yanayodondoka huziba sehemu wanazozitegemea vyura na mimea ya pwani. Uvamizi wake sina ubishi nao.

Lakini kindi anaishi kwa mti huo. Tazama chini yake: utaokota koni (tunda gumu la msonobari lenye magamba) iliyogugunwa ikabaki kiini, na kishungi cha magamba kwenye ncha. Kindi huishika kwa mikono miwili, huanzia kitakoni, hung'oa gamba moja baada ya jingine. Chini ya kila gamba mna mbegu mbili ndogo sana.

Udogo huo ndio unaomlinda. Kindi wa kijivu, aliyetoka Amerika Kaskazini na kuachiliwa Uingereza tangu 1876, anakaribia kumzidi uzito mara mbili, na hustawi zaidi penye mialoni na mbegu kubwa. Penye misonobari mitupu ubabe wake hupungua. Maradhi ni jambo jingine: mwaka 2008 ndui ya kindi, ambayo wa kijivu huibeba bila kuugua, iliua zaidi ya asilimia 80 ya wekundu wa hapa. Waliosalia walizaana tena.

Wanaoijua Amani, Usambara Mashariki nchini Tanzania, watakumbuka mesopsisi, mti wa kigeni uliovamia msitu wa huko, ambao hondohondo hula matunda yake na kueneza mbegu. Kindi yeye huzitafuna mbegu zenyewe, kwa hiyo hamsaidii mvamizi kiasi hicho.

Ukataji ulipoanza Ainsdale miaka ya 1990, wenyeji waliupinga vikali, nami naona walikuwa na hoja. Miche iliyo upande wa bahari ing'olewe kila mwaka. Msitu mkongwe wa bara uondolewe kidogo kidogo, misonobari mingine ikiwa imeshapandwa na kukua, maana msonobari huchukua miaka 25 hivi kabla ya kuzaa koni za kumshibisha kindi. Na mialoni isipandwe humo.