Je, wajua kwa nini mita ya betri inasoma 12.5 na pikipiki bado haiwaki?

Kwenye maduka ya spea za pikipiki Kariakoo kuna zile mita ndogo za duara, zenye namba nyekundu au za bluu, za kufunga kwenye usukani. Madereva wa bodaboda wanazipenda, na wana sababu: dashibodi za pikipiki nyingi za abiria hazisemi lolote kuhusu betri. Unafunga mita, unawasha swichi, inasoma 12.5. Unabonyeza starta, inalia "tik", namba inaporomoka hadi 8, taa zinafifia, na unabaki kupiga kiki huku abiria anakusubiri.

Kijiweni utaambiwa mita ni feki, au starta imekufa. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Tatizo liko kwenye imani iliyoenea sana kwamba namba ile ni kama geji ya mafuta: 12 na kitu maana yake betri imejaa, na ikishuka kidogo basi chaji nayo imepungua kidogo. Mita ile haipimi chaji. Inapima volti, na volti ni msukumo wa umeme. Chaji iliyobaki ni kiasi cha umeme. Msukumo na kiasi vina undugu, lakini havifanani, na tofauti yao ndiyo inayowafanya watu wanunue starta mpya bila sababu.

Chukua tenki la maji juu ya mnara, kama yalivyojaa mitaani Dar es Salaam. Msukumo wa maji bombani unatokana na urefu wa usawa wa maji kutoka chini. Pandisha tenki la lita 1,000 na ndoo ya lita 20 hadi usawa mmoja: geji ya msukumo pale chini itasoma sawasawa kwa vyote viwili. Ndoo itakauka upesi, tenki litakufikisha jioni, na geji haikukuonya. Sasa acha ndoo, tazama bomba. Bomba lililoziba kwa kutu na mchanga, koki ikiwa imefungwa, lina msukumo kamili, sawa kabisa na bomba jipya. Fungua koki, maji yanadondoka matone matone. Betri iliyochoka ni hilo bomba lililoziba. Kuwasha swichi bila kugusa starta ni kama kupima msukumo koki ikiwa imefungwa. Kubonyeza starta ndiko kufungua koki yote kwa mpigo.

Kinachoziba ni nini? Ndani ya betri ya kawaida ya pikipiki kuna vyumba 6, kila kimoja kina sahani za risasi zilizolowa tindikali ya salfa na kinatoa volti 2 na kidogo. Kanuni hii ni ileile tangu Mfaransa Gaston Planté alipounda betri ya risasi mwaka 1859. Betri inapotoa umeme, juu ya sahani hujengeka salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye tindikali. Betri ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, salfeti hukomaa ikawa fuwele ngumu zisizorudi tena. Eneo la sahani linalofanya kazi linapungua, ukinzani wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda. Joto nalo huharakisha uchakavu, na jijini hapa betri hailijui baridi.

Hesabu yake ni fupi na inafurahisha. Tuseme starta inavuta ampea 40 (ampea hupima wingi wa umeme unaopita). Betri nzima ina ukinzani wa ndani wa omu 0.02 hivi: zidisha, unapoteza volti 0.8, kwa hiyo 12.6 inakuwa 11.8 na injini inazunguka. Betri iliyochoka ina omu 0.1: unapoteza volti 4, na 12.6 hiyohiyo inabaki 8.6. Mita yenyewe inakunywa umeme kidogo mno, sehemu ndogo ya ampea moja, kwa hiyo kabla hujabonyeza starta betri hizi mbili zinaonekana mapacha.

Namba ya kuitazama, basi, ni ile inayotokea kwa sekunde moja wakati starta inazunguka. Ikibaki juu ya 10, betri ina nguvu. Ikizama chini ya 9.5 hivi ilhali kabla yake ilisoma vizuri, shuku betri kwanza, kisha vichwa vyake (pale waya zinapofungwa) na waya mnene unaokwenda kwenye starta. Kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri huleta dalili zilezile kabisa, na kwa pikipiki inayolala karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi huileta upesi. Sugua, kaza, paka grisi, pima tena kabla hujatoa hela.

Volti haziko kimya kabisa kuhusu chaji. Tindikali inavyopungua makali, volti nazo hushuka. Betri ya risasi iliyotulia saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika ikisoma 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 haina kitu cha maana. Angalia jambo hili kwa makini: safari yote, kutoka kujaa hadi kuisha, haifiki volti moja! Mita ya bei rahisi ikikosea kwa 0.2 tu, imekudanganya karibu robo nzima ya betri. Halafu kuna lile sharti la kutulia. Ukizima pikipiki sasa hivi, mita inaweza kuonyesha 13, ambayo ni chaji ya juujuu kwenye uso wa sahani. Washa taa kubwa kwa dakika moja, zima, subiri, na namba ya kweli itatokea. Ikibaki kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, kuna uwezekano mkubwa chumba kimoja kati ya sita kimekufa.

Injini ikishawaka, mita inaacha kuzungumzia betri na kuanza kuzungumzia mfumo wa kuchaji, na hapa ndipo inapolipa gharama yake. Kwenye mwendo wa kawaida itegemee kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 na kuendelea kupanda, rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri, haidhibiti tena. Betri itachemka, balbu zitaungua. Ikiwa chini ya 13 hata ukiongeza moto, chaji haifiki: inaweza kuwa koili inayozalisha umeme injinini, rektifaya, au soketi ya waya iliyoungua. Lakini usihukumu ukiwa kwenye foleni ya Buguruni. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kuongezewa moto, koili inazalisha kidogo, na taa, redio na simu ya dereva inayochajiwa vinaweza kula kuliko kinachoingia. Kusoma 12.4 hapo si ugonjwa. Subiri barabara ifunguke uone kama inapanda.

Mita hizi nyingi huharibiwa na ufungaji. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye betri, inakunywa usiku na mchana. Tuseme inakula ampea 0.02. Kwa siku nzima ni karibu nusu ampea-saa (ampea zidisha kwa saa), na betri ndogo ya ampea-saa 5 inaweza kuisha ndani ya siku kumi pikipiki ikiwa imeegeshwa tu. Yaani kifaa ulichofunga kulinda betri ndicho kinachoimaliza. Ukiunganisha kwenye waya wa taa ya mbele unapata kosa jingine, kwa sababu waya mwembamba wa zamani hupoteza volti njiani, na mita itasoma pungufu kuliko ilivyo. Njia nzuri ni rilei ndogo, yaani swichi ya umeme, inayoamshwa na swichi ya pikipiki na kuchukua umeme betrini kupitia fyuzi ya ampea 1 au 2 iliyo karibu na kichwa cha chanya. Kama rilei ni gharama, unganisha baada ya swichi, kisha mwombe fundi aweke multimita yake kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inawaka. Tofauti utakayoiona iandike na uijumlishe siku zote.

Geji nyingine zinazofaa ni chache. Kwa injini inayopozwa na hewa, kipimajoto chenye pete inayokaa chini ya plagi kina faida kwa anayebeba mizigo mizito kwenye jua. Chochote utakachofunga, hakikisha hakipitishi maji, maana masika haina huruma na vioo vya plastiki.

Ukitaka kujua chaji iliyobaki hasa, unahitaji kihesabu kinachopima ampea zinazoingia na zinazotoka, kikijumlisha na kutoa muda wote. Kwa pikipiki ya petroli ni gharama isiyo na sababu. Kwa pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana mjini hakuna namna nyingine ya maana, kwa sababu betri nyingi za lithiamu hubakisha volti karibu palepale kwa sehemu kubwa ya chaji, kisha huporomoka ghafla mwishoni. Hata hivyo kihesabu nacho hukusanya makosa madogo madogo kila kinapohesabu. Mifumo mingi hujisahihisha betri inapojaa kabisa, kwa hiyo ukiona asilimia zimeanza kuruka baada ya muda mrefu wa kuchaji nusunusu, ijaze mara moja hadi mwisho ndipo uziamini tena.