Chuma cha kusubu, si chuma cha kutupwa

Juzi katika duka moja la vyombo Kariakoo, muuzaji alinipakulia kikaango cheusi kizito na kunisomea maandishi ya boksi lake kwa fahari: "Chuma cha kutupwa, dada yangu." Hii ni mara ya tatu mwaka huu kukutana na maneno hayo, na kila ninapoyasikia huuona mkokoteni wa skrepa ukipita mtaani, kwa kuwa kwa Mswahili kitu cha kutupwa ni kile kinachongoja kupelekwa jalalani.

Maana ya chuma cha kusubu, ambacho kwa Kiingereza huitwa cast iron, ni fupi. Ni chuma chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi, kilichoyeyushwa kikawa kama uji, kisha kikamiminwa katika kalibu na kupoa kikiwa tayari kina umbo la chombo. Kaboni hiyo hukiwezesha kuyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi, ilhali chuma halisi huhitaji nyuzi 1,538. Hukifanya pia kiwe kigumu lakini chepesi kupasuka kikianguka sakafuni.

Kasoro iko kwenye jina. Aliyeandika "kutupwa" alikuta kitenzi cha Kiingereza, cast, chenye maana zaidi ya moja, kurusha na kumimina madini, akatafsiri ile isiyohusika. Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote: tunacho kitenzi kusubu, chenye asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni kumimina, na kifaa kinachopokea madini hayo tunakiita kalibu, neno la asili hiyohiyo. Kilichomiminwa kimesubiwa. Kinyume chake ni kufua, yaani kazi ya mhunzi, ambaye hakiyeyushi chuma bali hukitia motoni kikalainika, akakigonga kwa nyundo mpaka kiwe jembe au panga. Wahaya wa Kagera, ambao sifa ya matanuri yao imefika mbali, walipata humo bonge la chuma la kufuliwa, si chuma cha kumiminwa. Vyungu vya chuma vilivyosubiwa katika kalibu za mchanga vina historia nyingine. Huko Uingereza, mtengenezaji wa vyombo vya chuma Abraham Darby aliipatia njia hiyo hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1707.

Wala neno kusubu peke yake halitoshi. Masufuria mazito yanayotengenezwa na mafundi wetu kwa kuyeyusha alumini chakavu nayo yamesubiwa, tena kwa moto wa mkaa tu, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ni ya kusubu, lakini si ya chuma. Chuma cha chapati nacho, ambacho jina lake ni la kweli, kinaweza kuwa bamba lililokatwa tu, hivyo ni chuma lakini si cha kusubu. Mwenye shaka na achukue sumaku: hunata kwenye chuma na haishiki alumini.

Uzembe huu wa majina huzaa ushauri mbovu. Muuzaji yuleyule alinionya nisikiguse kikaango hicho kwa kitu kingine isipokuwa mwiko wa mbao, "kisije kikachubuka." Hayo ni masharti ya vikaango vyenye utando wa Teflon, ambavyo aghalabu ni vya alumini. Weusi wa chuma cha kusubu ni mafuta yaliyopakwa kidogo sana na kuchomwa hadi yakagandamana na chuma, na ukikwaruzika hupakwa na kuchomwa upya. Mwiko wa mbao unafaa, lakini kijiko bapa cha chuma cha kugeuzia chapati hakina ubaya wowote, mradi kingo zake ziwe laini. Kinachokidhuru ni kukiloweka usiku kucha kikashika kutu, kuchemshia humo mchuzi wa nyanya au ndimu kwa muda mrefu, na kukimwagia maji baridi kingali cha moto.

Nilimwomba muuzaji, kwa upole, kwamba mteja mwingine akija amwambie "chuma cha kusubu", maneno yote matatu. Akaniuliza kama kusubu ndiko kusubiri. Nilimjibu kuwa hapana, ingawa kikaango hiki nacho hutaka kusubiriwa kipate moto kabla ya kutiwa yai.