"Sorry" ya Waganda haikiri kosa

Mtu akijikwaa kwenye vichochoro vya soko la Owino, Kampala, wauzaji walio karibu humwitikia papo hapo: "Sorry, nnyabo (yaani bibi), sorry!" Hakuna aliyemsukuma. Mgeni kutoka Ulaya hushangaa na kujibu kwamba si kosa lao.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba Waganda hawajui Kiingereza, ndiyo maana wanaomba radhi kwa makosa yasiyo yao. Ukweli ni kwamba hawaombi radhi hata kidogo. Wanatoa pole. Kwa Kiluganda, aliyeumia huambiwa "bambi", aliyefiwa huambiwa "kitalo", na mwenye kosa ndiye husema "nsonyiwa". Sisi tunaozungumza Kiswahili, iwe Arua au Busia, hatuchanganyi "pole" na "nisamehe". Kiingereza ndicho kilichoyaweka yote mawili ndani ya neno moja. Na Waingereza wenyewe hulitumia hivyo msibani: humwambia mfiwa "I'm sorry for your loss", na hakuna anayewauliza kama wao ndio walioua.

Wengine hudhani "sorry" limetokana na "sorrow", yaani huzuni. Maneno hayo yanafanana, lakini asili zake ni mbili tofauti. "Sorry" lilitoka katika neno la Kiingereza cha kale "sarig", lenye mzizi mmoja na "sore", yaani chenye kuuma. Maana ya awali ilikuwa kuumia moyoni. Kuomba radhi kulikuja baadaye. Kwa hiyo muuza nyanya wa Owino yuko karibu na maana ya asili kuliko anayemcheka.

Ipo pia hofu ya barabarani. Boda boda zikigongana, utasikia mtu akionywa asiseme "sorry", eti ameshakubali kulipa. Huko Uingereza na Wales, Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 ilieleza wazi kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Sheria hiyo haitumiki Kampala, lakini inaonyesha kuwa hata wenye lugha walihitaji kulitenganisha neno na hatia. Kumwacha majeruhi bila neno la kumfariji kwa kuogopa fidia ni ukatili, nami siutetei.

Na "sorry state" si hali inayoomba msamaha. Ni hali mbaya, ya kusikitisha. Ukisikia "Sorry?" kwa sauti ya kupanda, unaombwa tu urudie ulichosema.

Panapohitaji uangalifu ni kwenye maandishi. Ukiandika maelezo ya ajali kwa Kiingereza, usiseme tu "I said sorry", kwa sababu msomaji anaweza kuielewa vingine. Andika kwamba ulimpa pole kwa maumivu yake, kisha eleza nani alitokea wapi na nani alimgonga nani.