Uende Leba na Karatasi?

Saa nane usiku. Leba yetu ina vitanda vitano na mapazia matatu. Mama wa kitanda cha nne kaletwa na bajaji, uzazi wa pili, njia imefunguka sentimita sita. Mumewe, kabla mlinzi hajamrudisha kwenye benchi, akanisogezea faili la plastiki: "Sista, mpango wake wa kujifungua huu hapa." Kurasa mbili kwa Kiingereza, zimeshushwa mtandaoni na kuchapwa. Taa zipunguzwe. Muziki wake upigwe. Asiulizwe habari ya sindano ya ganzi ya mgongoni, akiitaka ataisema mwenyewe. Ikiwezekana ajifungulie kwenye maji.

Wenzangu walicheka, na mimi nilitabasamu. Ganzi ya mgongoni kwa ajili ya uchungu hatukuwa nayo, na beseni kubwa pekee pale ndani lilikuwa la kulowekea vifaa. Lakini nilisoma mpaka mwisho, kwa ubishi tu, na chini kabisa ya ukurasa wa pili, baada ya habari ya nani akate kitovu, nikakuta sentensi moja: uzazi wa kwanza alitokwa na damu nyingi baada ya mtoto kuzaliwa, akaongezewa chupa mbili. Kadi yake ya kliniki ilikuwa mpya. Alihama mkoa mimba ikiwa na miezi saba, akaanza kadi nyingine, na pale panapoandikwa matatizo ya uzazi uliopita palikuwa patupu.

Tukamwekea kanula mapema, kile kimrija cha mshipani cha kupitishia dawa na damu, tukapeleka damu maabara ipimwe kundi na itafutwe inayolingana, dawa zote zikawa mezani kabla mtoto hajatoka. Damu ilimtoka kweli. Haikufika mbali.

Nimekuwa mkunga miaka kumi na saba, na wajawazito wanaponiuliza "sista, niandike ule mpango au niache?" huwa nashindwa kujibu kwa neno moja kwa sababu ya faili lile. Jambo lililokuwa na maana kuliko yote liliwekwa mwisho, chini ya muziki.

Tatizo la kwanza ni kwamba karatasi zenyewe ni mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ile ya kliniki, tunayoiita mpango binafsi wa kujifungua: utajifungulia wapi, utafikaje, nani atakusindikiza, pesa iko wapi, nani atakuchangia damu, watoto utamwachia nani. Hiyo imetokana na kuwaangalia kinamama waliokufa na kujiuliza muda ulipotelea wapi. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliupanga upotevu huo mafungu matatu, na mpaka leo tunafundishwa hivyo: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Karatasi ya pili, ile ya faili la plastiki, ilizaliwa Marekani na Uingereza kwa kinamama waliochoka kunyolewa, kupigwa bomba la kusafisha tumbo na kuongezwa njia, yaani kukatwa kwa mkasi ili mtoto apite, bila kuulizwa. Ni karatasi ya matakwa. Siku hizi mjini nakutana na dada aliyeandika vizuri sana ile ya pili, na ya kwanza hana hata mstari.

Ya kwanza haina mjadala, kila mjamzito aiandike. Tena aandike kweli. Kliniki nikiuliza usafiri, naambiwa upo. Upo wapi? Shemeji ana gari. Shemeji anaishi wapi? Kibaha. Na wewe? Mbagala. Basi huo usafiri haupo. Andika jina la dereva wa bajaji au bodaboda wa mtaani kwako ambaye umekwisha kuongea naye, na namba yake, na namba ya mwenzake, kwa sababu uchungu unapenda usiku. Tanzania tuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura ya uzazi, unapiga 115 bila malipo, lakini namba hiyo ikae pia kwenye simu ya anayelala nyumbani nawe. Ikiwa kwenye simu yako peke yako, siku umeanguka kifafa cha mimba haikusaidii kitu.

Damu ni vilevile. "Ndugu wapo" siyo jibu. Taja wawili ambao ukiwapigia watakuja, wazima, wasiokuwa safarini. Na wewe mwenyewe ujue kundi lako. Kama ni hasi, liandike kwa herufi kubwa, maana mtoto akizaliwa na damu chanya kuna sindano unayotakiwa kupata ndani ya saa 72. Na kama umewahi kupasuliwa, mpango wako hauanzi na zahanati ya jirani hata kama nesi wake ni shoga yako. Unaanza na hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku.

Sasa ya pili, ya matakwa. Hapa nina maoni yangu na wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Mengi wanayoyaandika kinamama kwa woga, kana kwamba wanaomba fadhila, ndiyo yanayoelekezwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema mama awe na msindikizaji anayemtaka, mama asiye na tatizo anywe na ale, atembee, achague mkao, asiongezwe njia kwa mazoea tu, kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, mtoto mzima alazwe kifuani kwa mama saa ya kwanza, na asiogeshwe kabla ya saa 24. Mwaka 2020 shirika hilohilo likatoa chati ya kufuatilia uchungu ambayo mkunga anajaza: je, mama ana msindikizaji, amepata kitu cha kupunguza maumivu, amekunywa, amekaaje. Yaani kisichoandikwa na mama kina nafasi yake kwenye karatasi ya mkunga. Kwa hiyo usianze na kuandika. Anza na kwenda kuuliza pale utakapojifungulia: hapa mnafanya yapi? Nenda kwenye wiki ya 34 au 36, tumbo bado linakuruhusu kutembea.

Habari ya msindikizaji nitaikalia kidogo. Leba ya vitanda vitano vilivyopangwa sambamba, mume wa kitanda cha kwanza akiingia amewaona watano. Ndiyo maana hospitali nyingi zinakubali msindikizaji lakini awe mwanamke, na nyingine hazikubali mtu kabisa. Sisemi ni haki. Nasema ulijue mapema, ili mumeo asije akalifahamu mlangoni akaanza kugombana na mlinzi wakati wewe unasukuma. Andika majina mawili, la mume na la dada au mama mdogo. Na huyo mama mdogo mwambie kazi yake. Wengine wakifika wanaanza kusali kwa sauti, anayejifungua ndiye anawatuliza.

Mistari ninayoiogopa ni ile ya "sitaki kabisa". Mama anaandika hataki sindano ya uchungu, kwa sababu jirani kamsimulia dripu ilivyomtesa. Shida ni kwamba dawa ile ni moja, oksitosini, na kazi zake ni mbili. Kuna dripu ya kuongeza uchungu kabla mtoto hajatoka. Hiyo una haki ya kuuliza kwa nini, kwa sababu wapo wanaowekewa kwa haraka ya zamu tu. Na kuna sindano ya yuniti 10 ya pajani mtoto akishatoka, inayosaidia mfuko wa uzazi kukaza ili usitoke damu. Ukiandika "sitaki sindano ya uchungu", mkunga mwaminifu anayekuheshimu anaweza kukunyima ile ya pili. Vivyo hivyo upasuaji. Mapigo ya mtoto yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Yakishuka yakakaa chini hatuna nafasi ya kujadili karatasi. Badala ya "sitaki" mimi huwaandikisha hivi: "Kabla ya kunifanyia jambo, niambieni kwa nini, hata kwa sentensi moja." Mstari huo unafanya kazi hata katika dharura. Nimeusema nikikimbia na kitanda.

Faida kubwa ya karatasi sijaiona ikitajwa sana huko inakofundishwa. Rudi kwenye leba yenye mapazia matatu. Historia yako unaulizwa kwa sauti, mama mkwe kasimama kichwani, jirani wa kitanda cha tatu anasikia. Umewahi kuharibikiwa na mimba? Una ugonjwa wowote? Unatumia dawa gani? Watu wanajibu "hapana" mbele ya mama mkwe. Nimewahi kuambiwa hapana na mama ambaye vidonge vyake vya ARV vilikuwa kwenye mkoba chini ya kanga. Nimewahi kumpima njia binti akaruka ukutani, na hakuna aliyekuwa ameniambia aliyotendewa akiwa na miaka kumi na minne. Yaliyoshindikana kusemwa kwa mdomo yanaweza kuandikwa: "Nina jambo, mama mkwe asiambiwe." "Nimekeketwa." "Nikipimwa njia niambiwe kwanza, tafadhali, na anipime mwanamke kama yupo." "Jana nilipewa dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu." Hiyo ya mwisho usiifiche hata ukisahau nyingine zote. Baadhi ya dawa hizo zinabana mfuko kama oksitosini, nasi tukiongeza dripu juu yake bila kujua, mfuko unaweza kupasuka.

Mimi mwenyewe kwa mtoto wa pili sikuandika kitu. Mkunga aandike nini, maneno yote si ninayajua? Nikaenda hospitali nyingine, siyo ninayofanya kazi. Nilipofika sentimita tisa maneno yote yaliniishia. Nikasikia mkasi. Hakuna aliyeniambia, wala sikusema kitu. Nilishonwa nikiangalia bati. Wiki mbili baadaye ndipo nilipopata sentensi niliyotakiwa kusema, nikiwa nafua. Sijui kama karatasi ingezuia. Walau dada yangu angekuwa na kitu cha kusoma kwa sauti.

Wapo ninaowashauri wasiandike ya matakwa. Yule ambaye kila kitu kwake ni mtihani, anayeweka alama kila mstari. Mama mmoja wa hivyo alifanyiwa upasuaji, mtoto mzima, kidonda safi, na asubuhi nilimkuta kaikunja karatasi yake mara nne kaiweka chini ya mto. "Hata kimoja hakikutokea, sista." Kwa mtu kama huyo nasema mwambie msindikizaji wako mambo mawili unayoyataka kuliko yote, na historia yako ijazwe vizuri kwenye kadi, basi. Na asiandike aliyeambiwa na mumewe au mama yake aandike. Nimeisoma karatasi iliyosema "asilie"; mwandiko haukuwa wa mama.

Ukiamua kuandika, ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili, maana anayekupokea saa nane usiku kachoka na Kiingereza chake kimechoka. Juu kabisa uzazi uliopita na magonjwa: damu, kifafa, upasuaji, mtoto aliyefariki, dawa inayokudhuru. Kisha majina na namba za simu. Kisha matakwa, matatu au manne, unayoweza kuyapata hapo uendapo. Onyesha nesi wa kliniki kwenye hudhurio lako linalofuata, akisema hili hapa haliwezekani uulize kwa nini, ufute au ubadilishe hospitali ukiwa bado na muda. Ibane kwenye kadi kwa pini, isikae kwenye mkoba kati ya pamba na vitenge ambako itatolewa baada ya mtoto.

Na nakala ya pili akae nayo msindikizaji. Mimi nikishaisoma karatasi yako saa nane usiku, asubuhi zamu yangu inakwisha nakwenda kulala. Makabidhiano yetu ni ya haraka, tunasemezana sentimita na mapigo ya mtoto, hayo mengine yanaweza kubaki kichwani mwangu nikaondoka nayo kwenye daladala. Akiona sare mpya zimeingia, aitoe tena.